Kutoka Fanya Juu hadi Tengefu: Sheria ya Mazingira na Hatima ya Mwamba wa Malindi

Utangulizi

Huenda msomaji akajiuliza inakuwaje makala kuhusu matumbawe yaandikiwe Machakos, mji ulioko zaidi ya kilomita 300 kutoka ufuoni. Jawabu liko mtoni. Mto Athi hukusanya maji ya Nairobi na ya vilima vya Ukambani, ukapita chini ya Kilimambogo, ukateremka hadi nyika ya Tsavo, na baada ya kuungana na Mto Tsavo ukabadili jina na kuitwa Galana. Unapoikaribia bahari huitwa Sabaki. Kila jamii imeupa jina lake, na pengine ndiyo sababu wengi wetu husahau kwamba huu ni mto mmoja. Udongo unaoporomoka katika shamba lisilo na mitaro kule Mwala au Masii una njia ya kufika Malindi, na hauhitaji kibali cha mtu yeyote.

Makala haya yanajadili namna sheria ya mazingira inavyoweza kuulinda mwamba wa matumbawe, huku mwamba wa Malindi ukiwa kielelezo chetu. Tunashikilia kwamba sheria iliyochora mpaka baharini imefanya nusu ya kazi. Nusu nyingine iko huku bara, mashambani na kwenye kingo za mito, na Machakos ni mahali pafaapo pa kuuliza ni sheria ya namna gani inayoweza kuikamilisha, kwa kuwa hapa sheria ya kuhifadhi udongo ilikwisha kujaribiwa kwa mabavu, ikashindwa.

Tumbawe na adui zake

Kwa jicho la kawaida tumbawe ni jiwe. Wanabiolojia hutuambia kuwa ni mkusanyiko wa wanyama wadogo waitwao polipu, kila mmoja akiwa amejijengea kikombe cha chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani usioonekana kwa macho matupu, ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula hicho. Ndiyo maana matumbawe yanayojenga mwamba hustawi katika maji maangavu yasiyo na kina kirefu. Aina iliyo ngumu zaidi hukua kwa kadiri ya sentimita moja kwa mwaka. Kwa hiyo, nanga moja iliyotupwa ovyo inaweza kuvunja kwa dakika moja kile kilichojengwa kwa karne nzima.

Mswahili, naam, amelijua tumbawe kwa njia yake. Alilikata akajengea nyumba na misikiti, akalichoma katika tanuu akapata chokaa. Magofu ya Gede yamesimama kwa mawe hayo hadi leo. Na mvuvi amelijua kama nyumba ya samaki, na kama ukuta unaolivunja wimbi kabla halijafika pwani. Tukisema mfumo wa ikolojia wa mwamba, tunasema mambo haya yote kwa pamoja: mnyama, mwani, samaki, mvuvi na ufuo.

Adui za mfumo huu ni wengi, na sheria haiwafikii wote kwa urahisi uleule. Juya linalokokotwa juu ya mwamba laweza kupigwa marufuku kwa tangazo moja, na nchini Kenya lilipigwa marufuku mwaka 2001 pamoja na bunduki za kuvulia samaki. Baruti, ambayo ilikuwa janga la miaka mingi katika pwani ya Tanzania, ina sauti; mlipuko husikika na mhalifu huweza kufuatwa. Tope, kwa upande mwingine, huja kimya. Huzuia mwanga usiufikie mwani, na likitua juu ya tumbawe humlazimu polipu kutumia nguvu zake kujisafisha badala ya kula, kukua na kuzaa.

Mpaka uliochorwa majini

Malindi na Watamu zilitangazwa kuwa mbuga za taifa za baharini mwaka 1968, na ni miongoni mwa za mwanzo kabisa barani Afrika. Ndani ya mbuga ya aina hii kuvua samaki, kuokota makombe na kuvunja matumbawe ni marufuku kabisa. Katika hifadhi inayoizunguka, uvuvi wa kiasili unaruhusiwa. Kisite na Mpunguti, Kiunga, na Mombasa zilifuata katika miongo iliyofuatia. Usimamizi wake uko mikononi mwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ambalo leo linatumia Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1976. Tanzania nayo ilitunga sheria yake ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu mwaka 1994, na Mafia ikawa hifadhi ya kwanza chini yake mwaka 1995.

Hatuna sababu ya kubeza kazi hiyo. Samaki huwa wengi na wakubwa zaidi pale nyavu zisipofika. Lakini mpaka wa mbuga ya Malindi ni mstari kwenye ramani. Mlinzi aliye ndani ya mashua ya doria anaweza kumzuia mvuvi. Hawezi kuyazuia maji. Na maji ya Sabaki yana wakati wao. Mvua za vuli, ambazo ndizo mkulima wa Ukambani huzitegemea zaidi, hunyesha Novemba na Desemba juu ya ardhi iliyokauka na mara nyingi iliyokwisha kulimwa. Huo ndio wakati pepo za kaskazi zinapoanza kuvuma. Kusi huyasukuma maji ya mto kuelekea kaskazini, mbali na mji, ilhali kaskazi huyaleta kusini, moja kwa moja kwenye ghuba ya Malindi na mbuga yake. Mtu akisimama msimu huo juu ya daraja la Sabaki atayaona maji mekundu yakipita chini yake, na akifika ufuoni atawaona watalii wakiuliza bahari ya buluu iliyo kwenye picha iko wapi.

Ushahidi wa jiwe

Kuna bahati moja katika msiba huu: tumbawe huweka kumbukumbu. Kila mwaka huongeza tabaka la chokaa, kama mti unavyoongeza duara shinani. Udongo wa mto unapokutana na maji ya chumvi huachilia madini ya bariamu, na tumbawe huyaingiza katika chokaa yake pamoja na kalisi. Mwaka wa tope jingi huacha bariamu nyingi. Mwaka 2007 kundi la wanasayansi likiongozwa na Dominik Fleitmann lilichapisha matokeo ya kulisoma tumbawe moja la Malindi lililokuwa na kumbukumbu ya miaka 300. Walibaini kwamba kati ya mwaka 1700 na 1900 kiasi cha udongo ulioletwa na Sabaki kilikuwa takribani kilekile. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya ishirini kilipanda mfululizo, na kilele chake kilikuwa kati ya mwaka 1974 na 1980, ambapo kilifikia mara tano hadi kumi ya kiwango cha asili. Watafiti hao walitaja ongezeko la watu, matumizi ya ardhi yasiyo na udhibiti, ukataji wa misitu na ukame mkali wa mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Ni haki tuongeze kwamba mwamba haukufa kwa sababu hiyo. Utafiti wa Tim McClanahan na David Obura wa mwaka 1997 ulionyesha kuwa palipo na tope jamii ya matumbawe hubadilika: aina zisizolistahimili hupungua na zinazolistahimili huongezeka. Anayetangaza kwamba Athi imeua mwamba wa Malindi anatia chumvi. Mwamba unaoishi kwa kustahimili, hata hivyo, hauna akiba kubwa ya nguvu linapokuja pigo jingine, nalo lilikuja mwaka 1998.

Machakos, 1938

Turudi bara. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliyaona makorongo ya Machakos ikaingiwa na wasiwasi. Uchunguzi wake uliwalaumu ng'ombe: kwamba ni wengi mno, wanamaliza nyasi na kuuacha udongo wazi. Haikusemwa kwa sauti hiyohiyo kwamba malisho ya Wakamba yalikuwa yamepunguzwa kwa mipaka ya hifadhi ya wenyeji na mashamba ya walowezi. Mwaka 1938 ng'ombe walianza kuchukuliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei duni, na kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kimeshajengwa Athi River kikiwasubiri. Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya watu kutembea hadi Nairobi mwezi wa Julai, wakakaa huko kwa majuma wakitaka kuonana na gavana. Serikali ikalegeza kamba, mpango wa kunyang'anya mifugo ukasitishwa, lakini Muindi Mbingu mwenyewe alikamatwa akapelekwa kizuizini. Alipelekwa Lamu. Mtu aliyepinga sheria ya kuhifadhi udongo wa Machakos aliadhibiwa kwa kuishi katika mji wa mawe ya matumbawe.

Amri ile, tukiisoma leo, ilikuwa sheria ya mazingira. Ilikuwa na lengo ambalo hata sisi tungeliunga mkono, na ilikuwa na takwimu za wataalamu. Ilichokosa ni ridhaa ya wale ilioamrisha, na iliwataka walipe peke yao gharama ya hasara ambayo hawakuileta peke yao. Tutalikumbuka hili tutakapomfikia mvuvi.

Kilichofuata ni cha kuvutia zaidi, hasa kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Baada ya matuta ya kulazimishwa kuchukiwa kwa miaka, wakulima wa Machakos walikuja kuchagua wenyewe aina moja ya mtaro: unachimbwa kwa kufuata usawa wa mlima, na udongo unarushwa upande wa juu ili utengeneze ukingo. Ukirushwa upande wa chini, hiyo ni aina nyingine. Aina ya kwanza iliitwa fanya juu, ya pili fanya chini. Vikundi vya mwethya, ambavyo wengi wao walikuwa wanawake, vilichimba mitaro hiyo shamba kwa shamba. Jina fanya juu limeingia katika vitabu vya elimu ya udongo duniani kote bila kutafsiriwa. Kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki cha mwaka 1994 kilijenga hoja yake juu ya mabadiliko hayo: kwamba watu waliongezeka Machakos, na mmomonyoko ukapungua.

Je, mbona basi tumbawe linasema kilele cha tope kilikuwa miaka ya 1974 hadi 1980? Kwa maoni yetu kauli hizi mbili hazipingani. Vilima vilivyowekwa mitaro mapema ni sehemu tu ya bonde la Athi. Watu waliokosa ardhi huko walihamia nyanda kavu za kusini na mashariki, wakafyeka na kulima upya mahali ambapo mitaro haikuwa imefika. Sheria iliyokuwapo, Sura ya 318 na kanuni zake za mwaka 1965, ilikataza kulima mteremko uliozidi asilimia 35. Tope jingi halikutoka kwenye miteremko ya aina hiyo pekee.

Sheria ya leo na ugumu wake

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 ilibadilisha mambo kwa namna mbili. Kwanza, iliunda mamlaka moja, NEMA, na kudai kwamba mradi mkubwa usianze kabla ya kufanyiwa tathmini ya athari zake kwa mazingira. Kifungu cha 42 kinalinda mito na maziwa, na cha 55 kinalinda ukanda wa pwani. Kwa hiyo chanzo na kikomo cha tope vimo katika sheria moja. Pili, ilimruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kudai mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Katiba ya mwaka 2010 imeitia nguvu haki hiyo katika ibara za 42 na 70.

Chukulia basi kwamba mvuvi wa Malindi anaamua kuitumia haki hiyo. Atamshtaki nani? Kiwanda kinachomwaga taka kina bomba, na bomba lina mwenyewe. Tope la Sabaki limetoka katika mashamba yasiyohesabika, katika barabara za vumbi, na katika kingo za mito zilizobomolewa na wachimba mchanga. Likishachanganyika mtoni halina jina la mtu. Hapa ndipo sheria ya kuadhibu inapogota, na ndipo sheria ya kusimamia bonde zima inapohitajika. Sheria ya Maji ya mwaka 2002, na baadaye ile ya mwaka 2016, iligawa nchi kwa mabonde ya mito na kutambua vyama vya watumiaji maji. Ofisi ya kanda ya Athi iliwekwa papa hapa Machakos. Kwa hakika ofisi hiyo ni mlinzi wa mwamba wa Malindi kama alivyo askari wa mbuga, ingawa sidhani kama kuna aliyewahi kumwambia karani wake hivyo.

Mchanga ni mfano ulio wazi zaidi. Miji yetu imejengwa kwa mchanga wa mito ya Ukambani. Ukichimbwa kupita kiasi, kingo huporomoka, visima vya mtoni hukauka, na udongo laini uliokuwa umeshikwa na kingo huondoka na mafuriko ya kwanza. NEMA ilitoa mwongozo wa uvunaji mchanga mwaka 2007. Baada ya ugatuzi kaunti zilianza kutunga sheria zake, na ya Makueni ya mwaka 2015 ni miongoni mwa zinazotajwa sana. Lakini sheria ya kaunti hukoma mpakani mwa kaunti, na mto haukomi. Malori yakikazwa upande mmoja huhamia ng'ambo. Aidha, kijana anayepakia lori kwa koleo ndiye hukamatwa, huku mwenye lori na mwenye jumba linalojengwa wakiendelea na shughuli zao. Je, hii si 1938 kwa sura nyingine?

Tengefu

Mahali pengine katika kaunti ya Kilifi, kusini mwa Malindi, wavuvi wamefanya jambo ambalo linafanana na mwethya kuliko wanavyojua. Mwaka 2005, baada ya kuona samaki wakipungua, wavuvi wa Kuruwitu walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba wao, kadiri ya hektari 30, pasivuliwe kabisa. Eneo hilo waliliita tengefu. Hakuna aliyewaamuru. Wakati huo sheria ya nchi haikuwa hata na nafasi wazi ya kuweka uamuzi wa namna hiyo. Ilikuja kuipata mwaka 2007, kanuni za vikundi vya usimamizi wa fuo zilipotolewa chini ya Sheria ya Uvuvi. Samaki walirejea, na mwaka 2017 kikundi cha Kuruwitu kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Neno lenyewe lastahili kuangaliwa. Linatokana na kitenzi tenga, na katika Kiswahili cha serikali ya Tanzania eneo tengefu ni lile lililotengwa kwa amri ya dola. Kuruwitu wametenga wenyewe. Kwa hiyo bonde la pwani na bara limetupa maneno mawili ya uhifadhi, fanya juu na tengefu, na yote mawili yalitangulia kuwa mazoea ya watu kabla ya kuwa na nguvu ya sheria.

Hatusemi kwamba dola ijiondoe. Kuruwitu inaweza kumzuia mvuvi mwenzao. Haiwezi kuzuia bandari. Lamu, ambako uchimbaji wa kina cha bahari kwa ajili ya bandari mpya uliharibu sehemu za uvuvi, wavuvi walikwenda Mahakama Kuu, na mwezi wa Aprili 2018 mahakama iliamua kwamba haki zao za mazingira na za kushirikishwa zilikiukwa, ikaamuru zaidi ya wavuvi 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwezi wa Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa huko, kwa sababu, miongoni mwa nyingine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika tathmini yake. Katika kesi zote mbili sheria iliyosaidia ni ile iliyomtaka mwenye mradi azungumze na watu kabla ya kuanza.

Joto nalo lina mpaka wake. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya Kenya yaliwatoa mwani wao, yakapauka, na mengi mno yakafa, ndani ya mbuga na nje yake vilevile. Hakuna sheria ya Nairobi inayoweza kupoza bahari. Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari iliyoko Hamburg ilitoa maoni mwezi wa Mei 2024 kwamba gesijoto ni uchafuzi wa bahari na kwamba mataifa yana wajibu wa kuzipunguza, nayo ni hatua. Lakini mwamba usioelemewa na tope na juya una nafasi nzuri zaidi ya kupona joto likipita, na tope na juya viko ndani ya uwezo wetu.

Mahakama mbili

Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyoanzishwa kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, ina kituo Machakos na ina kituo Malindi. Mto una mahakama kwenye ncha zake mbili, na ushahidi wa miaka 300 upo ndani ya tumbawe. Kesi ya kuzitaka serikali za bonde la Athi ziandae mpango mmoja wa kuzuia mmomonyoko inaweza kufunguliwa kesho, na mlalamishi hatahitaji kuonyesha ni shamba la nani lililoleta tope.

Itaandikwa kwa Kiingereza. Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini mashtaka katika mahakama za ngazi hiyo huandikwa kwa Kiingereza, na ripoti za tathmini ya mazingira pia, kurasa mamia kwa mamia. Mvuvi wa Malindi ataeleza juya, kaskazi na maji mekundu. Mkulima wa Masii ataeleza fanya juu. Kabla ya hakimu kuamua, mtu fulani atakuwa ameketi na maneno yao na kuyapa Kiingereza, kisha ameketi na hukumu na kuipa Kiswahili ili walalamishi wajue wameshinda nini. Katika idara zetu za Kiswahili kuna kozi za tafsiri ambazo wanafunzi wake hutafsiri hotuba na matangazo ya biashara. Sheria ya mwaka 1999 ina vifungu zaidi ya mia moja, na anayetaka mradi wa tasnifu anaweza kuanza na kifungu cha 42.